Uzi: Wenzangu wa jarida la wanawake, na wale tuliowaweka jaladani

Bi Mkongwe (mtoa mada)

Salaam wanajamvi. Wiki iliyopita humu kulikuwa na ubishi wa vijana, mmoja akasema kabla ya Instagram mwanamke wa Kitanzania alikuwa haandikwi popote mpaka aolewe na mkubwa au afe. Nilitaka kumjibu pale pale, nikaona maneno yatakuwa mengi, bora nifungue uzi wangu.

Nilikuwa kwenye jarida la wanawake hapa Dar kuanzia mwanzoni mwa miaka ya tisini mpaka lilipokufa. Jina silitaji. Wenzangu wengi wapo hai na sijawaomba ruhusa ya kuwaanika, kwa hiyo nitawaita kwa kazi zao. Waliokuwepo watajijua.

Kwanza mazingira, kwa mliozaliwa juzi. Miaka ya themanini magazeti makubwa yalikuwa ya kuhesabu kwa vidole: Daily News na Sunday News ya serikali, Uhuru na Mzalendo ya chama, Mfanyakazi ya jumuiya ya wafanyakazi. Redio ilikuwa Radio Tanzania Dar es Salaam (RTD), basi. Televisheni wenzetu wa Zanzibar walikuwa nayo tangu miaka ya sabini, bara tukasubiri mpaka 1994. Mwanamke gazetini alipewa kona yake: mapishi, malezi, namna ya kutoa doa la mafuta kwenye kitambaa. Halafu mwaka 1987 wanahabari wanawake, akina Fatma Alloo, Edda Sanga na wenzao, wakaanzisha chama chao, TAMWA. Mwaka uliofuata wakatoa jarida lao wenyewe, Sauti ya Siti. Edda kama hamumjui waulizeni wazazi wenu, ile sauti yake ya RTD haisahauliki. Sisi tulikuja nyuma yao na tuliwaiga bila haya.

Ofisi yetu ilikuwa vyumba viwili juu ya duka la vitambaa, si mbali na Mnazi Mmoja. Taipureta, meza ya kioo yenye taa kwa chini, na baadaye kompyuta moja ya Macintosh yenye kioo kidogo, ya wafadhili, ambayo tulikuwa tunaifunika kanga jioni kama mtoto mchanga. Habari ikishachapwa inatolewa kwenye karatasi kwa safu, unaikata kwa wembe, unaibandika kwa gundi kwenye ukurasa mkubwa juu ya ile meza. Ukipiga chafya umeharibu ukurasa wa tatu.

Sasa vichwa vya habari. Vile tuliviweka kwa Letraset, zile shiti za herufi unazosugua kwa kalamu zikahamia kwenye karatasi. Zimetengenezwa kwa ajili ya Waingereza. E zimejaa bwelele, A za kuhesabu. Kiswahili kinakula A! Andika tu "Wanawake wakataa", umeshamaliza A saba. Msanifu kurasa wetu, dada mmoja wa Tanga, alikuwa anageuza V kichwa chini na kuichomekea kijistari alichokikata kwenye I. Kuna matoleo ukiyatazama vizuri utaona A moja nyembamba kuliko ndugu zake. Na msidhani nachekesha: vichwa vingi viliamuliwa na herufi zilizobaki kwenye shiti. Mhariri anakuja na kichwa chake kizuri, dada wa Tanga anatazama shiti, anasema, "Hicho hakipo. Sema kingine."

Nitaendelea, naenda kuswali.

Kijana wa Mbagala

Shikamoo Bi mkubwa. Naweka mkeka hapa, siondoki.

Muuza Magazeti Posta

Dada, jarida lenu nimeshalijua kwa hiyo kompyuta ya kufunikwa kanga, maana nilikuwa napanda ngazi zenu kuchukua nakala. Nilikuwa na meza yangu Posta ya zamani. Nikuambie siri ambayo hamkuijua: nusu ya wateja wenu walikuwa wanaume. Anakuja na tai yake, ananunua Mfanyakazi, halafu kwa sauti ya chini, "na lile la mama pia." Analikunjia ndani ya Mfanyakazi, anaondoka. Walikuwa wanafuata ile safu ya mashauri ya ndoa, wanataka kujua wake zao wanashauriwa nini.

Bi Mkongwe

Marahaba Mbagala. Muuza Magazeti, nimecheka mpaka mjukuu kaja kuniangalia. Ile safu ya mashauri ilikuwa inaandikwa na msomaji prufu wetu, mwalimu mstaafu. Wasomaji walidhani ni mama wa mjini mwenye kucha ndefu, kumbe bibi wa miwani iliyofungwa uzi.

Ngoja nimseme huyu Mwalimu, maana yeye ndiye aliyelifanya jarida lisomeke. Miaka ya sabini alifundisha kisomo cha watu wazima, usiku, kwa taa ya kandili, akina mama wamekaa na watoto mgongoni. Alitoka kule na tabia moja. Kila makala lazima isomwe kwa sauti mbele ya mama aliyekuwa anatupikia chai na kufagia ofisi. Mama wa chai akisema "hapo sijaelewa", mwandishi anarudi mezani, hata kama ana digrii ya Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar. Waandishi wapya walikuwa wanalia. Mmoja aliandika aya nzima ya "muktadha wa kimfumo wa ukandamizaji", mama wa chai akasikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Kwa hiyo huyo mama kapigwa au hakupigwa?"

Mpaka leo nikisoma ripoti za haya mashirika namkumbuka yule mama.

Mpiga picha wetu naye alikuwa mwanamke, jambo la ajabu wakati ule. Picha aliziosha mwenyewe kwenye chumba cha giza ambacho kilikuwa stoo, na mgao wa umeme wa 1992 na wa 1994 ulimkuta humo humo. Ugomvi wake na mhariri haukuisha. Mhariri alitaka wanawake wapigwe picha wakiwa kazini, na jasho lao na kanga ya kazi, ili msomaji aone kazi. Mpiga picha hakutaka. Ukifika kwa mwanamke na kamera, cha kwanza anachokifanya anakimbilia ndani. Anaoga, anavaa gauni la Idi, anapaka wanja, ndipo anatoka. Yeye alikuwa anamsubiri, hata saa nzima. Alikuwa anasema wanaume wakija kupigwa picha wanaruhusiwa kuvaa suti, mbona mwanamke lazima atoke na tundu la kanga?

Waliafikiana zipigwe mbili: ya gauni inakwenda jaladani, ya kazini inakwenda ndani. Mimi nilikuwa upande wa mhariri wakati ule. Siku hizi nikiona picha za wanawake wa vijijini kwenye kalenda za mashirika, nipo upande wa mpiga picha.

Mzee wa Data

Simulizi tamu, heshima kwako. Ila tuambizane ukweli. Majarida haya yalikuwa ya wake za wakubwa na wasomi wa Dar. Mwanamke wa Namtumbo au Kibondo aliyapata wapi? Na mkiwaandika mlikuwa mnawaandika akina nani, si mawaziri na mabalozi tu?

Bi Mkongwe

Nusu ya unayosema ni kweli na sibishi. Kusambaza kulitushinda. Vifurushi vya mikoani vilikwenda kwa mabasi, vingine vinafika mwezi umeisha. Na bei, kwa mama wa kijijini, ilikuwa kilo ya sukari ambayo hakuwa nayo.

Wakubwa tuliwaandika, ndiyo. Mwaka 1975 Tabitha Siwale na Julie Manning waliingia baraza la mawaziri, wanawake wa kwanza, na sisi tulikuwa na safu ya kuwakumbusha watu mambo ya aina hiyo. Gertrude Mongella alipoongoza mkutano wa wanawake wa dunia kule Beijing mwaka 1995 tulitoa toleo zima, na ofisini kulikuwa na shangwe kana kwamba tumeteuliwa sisi. Lakini wa mawaziri hawakuuza jarida. Muuza Magazeti hapo juu ni shahidi.

Aliyeuza jarida ni Bibi Titi Mohamed.

Mnamjua kama jina la barabara, si ndiyo? Wakati ule hata jina hilo watu hawakuwa na habari nalo sana. Vijana wengi walidhani ameshafariki. Mwanamke wa Kiswahili wa Dar, mwimbaji wa kundi la ngoma la Bomba. Mwaka 1955 akashika uongozi wa wanawake wa TANU, na kadi zikaanza kununuliwa na akina mama kuliko waume zao, ambao wengi walikuwa wanaogopa kufukuzwa kazi na serikali ya mkoloni. Baada ya uhuru akawa mwenyekiti wa kwanza wa UWT, umoja wa wanawake. Mwaka 1967 akajiuzulu nafasi yake TANU kwa sababu ya masharti ya uongozi ya Azimio la Arusha. 1969 akakamatwa, 1970 kesi ya uhaini, kifungo cha maisha. Akaachiwa 1972. Na hapo vitabu vya shule vikanyamaza.

Kikao cha kuamua kama tumwandike kilichukua mchana kutwa. Mwandishi mmoja alitaka tuishie kwenye uhuru, kesi tusiiguse, nchi ndiyo kwanza inatoka kwenye chama kimoja. Mwingine alitaka kesi iwe ndiyo habari. Mwalimu alikuwa anasahihisha kurasa pembeni, hakuinua hata kichwa: andikeni yote, na kwa mpangilio wa miaka, mtu mzima atajihukumia mwenyewe. Ndivyo ilivyokwenda. Tukawatafuta wazee wa vyama vya ngoma, Kariakoo na Ilala, wakatueleza jinsi mialiko ya ngoma ilivyogeuka kuwa mialiko ya mikutano. Mpiga taipu wetu ndiye aliyewapata hao wazee, kwa shangazi yake. Jina lake halikuwekwa kwenye makala. Hapo ndipo penye donge langu, nitalirudia.

Bibi Titi alifariki Novemba 2000, Johannesburg alikokuwa amepelekwa kutibiwa. Jarida letu lilikuwa limeshakufa.

Binti Malindi

Assalaam alaykum. Mie niko Unguja, na hapa lazima niseme na mie. Mnasema gazeti la wanawake mwaka 1988, kwetu gazeti lilikuwepo kabla, nalo ni Siti mwenyewe, Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab. Kazaliwa Fumba kiasi cha 1880, mamaake mfinyanzi, yeye anavitembeza vyungu mjini. Hakusoma, na waliomsikiliza wengi hawakusoma. Lakini yaliyopita mahakamani, hakimu kamwonea nani, nani katoa hongo, yote yalikuwa kwenye nyimbo. Upo mmoja juu ya mwanamke mgeni aliyeuawa. Muuaji kakimbilia bara, waliofungwa ni wale wanawake waliotoa ushahidi! Watu wakaijua ile kesi kwa kuiimba. 1928 kenda Bombay kurikodi santuri, na zikasikilizwa pwani nzima. Basi TAMWA kumchagua yeye kuwa jina la jarida si pambo, walijua wanachokifanya.

Bibi yangu alifariki hawezi kusoma na kesi zile anazijua kwa majina ya mahakimu.

Bi Mkongwe

Alaykum salaam Binti Malindi. Maneno yako Mwalimu angeyapigia mstari. Na umenikumbusha safari ya kwenu.

Tulivuka kwenda Paje kuandika juu ya wakulima wa mwani. Kilimo kile kilianza kibiashara mwaka 1989 huko pwani ya mashariki, Paje na Jambiani, na kwa muda mfupi wanawake ndio wakawa wengi zaidi, maana wanaume waliona bei ya kilo ni ndogo, wakarudi kwenye uvuvi. Kabla ya hapo akina mama wa kule waliishi kwa kufukia makumbi ya nazi mchangani, kuyafukua miezi baadaye, kuyapiga na kusokota kamba. Au pweza. Mwani ukaleta fedha mkononi mwa mwanamke, na kelele ndani ya nyumba.

Tuliyemwandika alikuwa amejenga. Nyumba ya mawe, mabati juu, kwa mwani mtupu, kwenye kiwanja cha wazazi wake, siyo cha mume. Hilo la kiwanja alilisema haraka haraka kisha akabadili maneno, akaanza kutuonyesha vijiti na kamba, jinsi unavyofunga shina moja moja maji yakitoka. Mwandishi wetu alikuwa kijana, akaandika kwenye daftari lake habari za vijiti. Mpiga taipu ndiye aliyegundua. Tuliporudi Dar, anachapa makala, akasimama katikati: "Mbona hamkumuuliza kwa nini kwa wazazi?" Mhariri akampandisha mwandishi boti, akarudi Paje. Jibu likawa ndiyo makala yenyewe: mwanamke yule aliwahi kuachwa, akatoka na sanduku lake tu, na safari hii aliamua ukuta wake usisimame kwenye ardhi ya mtu anayeweza kutoa talaka.

Barua za wasomaji juu ya ile makala zilikuja mpaka tukazihifadhi kwenye ndoo.

Ndoo zenyewe pia zina habari. Tulikwenda Kunduchi kwa wanawake wanaogonga kokoto. Mama mmoja akatuuliza waziwazi, "Mtanilipa?" Sheria ya mhariri ilikuwa hatumlipi mtu kwa habari yake, atatuambia tunachotaka kusikia. Yule mama akasema sawa, lakini ninyi mtaliuza hilo gazeti, na mimi saa hii ningekuwa nimegonga ndoo. Hakukuwa na jibu. Mpiga picha akatoa fedha mfukoni mwake akanunua kokoto ndoo mbili, bei ya pale pale, tukazibeba kwenye daladala tukitukanwa na kondakta. Kokoto zile zilikaa ofisini miaka yote, ndizo zilizozuia karatasi zisiruke feni ikiwaka.

Hoja ya yule mama bado sijaipatia majibu, na nimefundisha waandishi chipukizi baada ya hapo.

Mama Rongai

Hamjambo. Mimi ni Mkenya, niko Rongai, nimeingia huu uzi kwa bahati na siwezi kutoka. Sisi tulikuwa na Parents, ya Eunice Mathu, ilianza 1986. Ilikuwa ya Kiingereza, lakini saluni ya shangazi yangu Nakuru ilikuwa na rundo, na mimi nikiwa msichana wa shule kazi yangu Jumamosi ilikuwa kuwasomea wateja nikitafsiri wakisukwa. Nilikuwa nachanganya na Kikuyu pale nikikwama.

Wale wateja walikuwa wanabishana kumhusu Wangari Maathai, yule mama wa mazingira, vibaya sana. Mwaka 1989 alipopinga lile jumba la ghorofa 60 lililotakiwa kujengwa pale bustani ya Uhuru Park, Nairobi, wengi saluni walisema huyu mama hana adabu, anapigana na rais. Halafu 1992 akina mama wa wafungwa wa kisiasa wakagoma kula pale pale Uhuru Park, polisi wakawapiga, wamama wazee wakavua nguo. Jumamosi iliyofuata nilikuta saluni imenyamaza. Shangazi akaniambia leo usisome mapishi.

Kwa hiyo Mzee wa Data, jarida moja kwa sisi lilikuwa na wasomaji wengi kuliko walionunua.

Mzee wa Data

Hapo mmenipata kidogo. Lakini swali langu lingine bado: lilikufaje?

Bi Mkongwe

Fedha, baba. Magazeti ya Kiswahili ya bei chee yalifurika baada ya vyama vingi, kisha ikaja televisheni, na matangazo yakahamia huko. Wafadhili wakabadili mambo wanayoyapenda. Karatasi ikapanda. Kiwanda kilichokuwa kinatuchapia, barabara ya Pugu, kikataka malipo kabla ya mashine kuzunguka. Mwaka 1997 hatukuweza tena. Mwaka uliofuata Bunge likapitisha Sheria ya Makosa ya Kujamiiana, jambo ambalo TAMWA na wenzao walilipigania kwa miaka, na sisi tulikuwa tumeliandika toleo baada ya toleo. Tuliisikia redioni, kila mtu kwake.

Sasa lile donge. Katika miaka yote ile tuliandika wanawake wa kila aina, na hakuna hata mmoja wetu aliyesema tumwandike mpiga taipu wetu. Alizaliwa na mguu mmoja mfupi, akapanda zile ngazi kila asubuhi, alikuwa anachapa bila kutazama vidole huku akikusahihisha kwa mdomo. Makala ya Bibi Titi ni miguu yake. Ya Paje ni swali lake. Jina lake kwenye jarida lilikuwa ukurasa wa pili, kwa herufi ndogo, na kuna matoleo hata pale halikuwepo kwa sababu nafasi iliuzwa kwa tangazo la sabuni. Mama wa chai naye hakuwahi kuwekwa hata ukurasa wa pili.

Mpiga taipu yuko Morogoro sasa, ana wajukuu na ana duka la vifaa vya shule. Tunaongea. Nilimuuliza kama nimtaje humu, akasema, "Ukinitaja, andika na duka." Sheria za jukwaa hazituruhusu kutangaza, basi nimekaa kimya.

Kijana wa Mbagala

Bi mkubwa, mimi niko chuo, nasoma uandishi. Nakala zinapatikana wapi? Mitandaoni nimetafuta sijaona kitu.

Bi Mkongwe

Mitandaoni hutaona, mwanangu. Kwa majarida ya miaka ile anza na East Africana, sehemu ya machapisho ya Afrika Mashariki pale maktaba ya Mlimani. Nenda na barua ya chuo chako, kalamu ya risasi, na subira. Omba Sauti ya Siti kwanza, ndiyo mama yao, halafu ukishazoea kurasa zile uliza na mengine. Usiangalie makala kubwa tu. Soma barua za wasomaji, na soma matangazo. Utaona nani alidhaniwa ana fedha.

Muuza Magazeti Posta

Dada, mimi ninayo yenu moja. Ile ya Bibi Titi. Zilipoisha mezani niliificha yangu, mke wangu akaitunza kwenye sanduku. Jalada halipo, mtoto alilifanyia kava la daftari. Nilitaka niipeleke kwa vijana wa steshenari waipake plastiki isichakae.

Bi Mkongwe

Usiipake plastiki! Karatasi ya gazeti ikifungiwa humo inajila yenyewe, na ile plastiki haitoki tena. Iweke kwenye bahasha kavu, mbali na jua, na usibane kwa pini. Mbagala, unayo simu yenye kamera nzuri? Mtumie Muuza Magazeti ujumbe wa faragha mpange siku, upige kurasa zote, mpaka ya pili yenye majina, na ile yenye tangazo la sabuni. Kama ni toleo ninalolifikiria, ukurasa wa kumi na moja kuna A moja nyembamba kwenye kichwa cha habari. Ukiiona nitumie mimi kwanza, nimpelekee dada wa Tanga.